SAYANSI NYUMBANI: Gesi za Kiungwana na Tangi la Muyinga

Tumepokea barua kutoka Gitega kwa mama mmoja, mke wa askari, aliyeomba jina lake lisichapwe. Ana maswali matatu. La kwanza, mwanawe aliye katika shule ya sekondari amerudi nyumbani na somo la zile gesi ambazo vitabu vya Kifaransa huziita gaz nobles, naye mama angependa kujua zina kazi gani duniani ikiwa, kama asemavyo mwalimu, hazifanyi lolote. La pili, mdogo wake wa kiume ni fundi wa kuchomea vyuma huko Muyinga. Amepata kazi ya kuziba nyufa ndani ya tangi la alumini la lori, na mwenye kazi amemletea mtungi wa gesi iitwayo arigoni. Fundi mwenzake amemtuliza kwamba gesi hiyo haina sumu hata chembe, kwa kuwa imo katika hewa tuivutayo kila siku. Je, ni kweli? La tatu ni la arusi, nalo tutalifikia.

Swali la pili halina subira. Mama, mpelekee ndugu yako salamu leo hii, kwa simu, kwamba asiingie tangini mpaka ayatimize yatakayoelezwa hapa chini. Yule fundi mwenzake amesema kweli: arigoni haina sumu, nayo imo hewani. Walakini watu wengi wamekwisha kufa kwa gesi hiyo isiyo na sumu, na sababu ya kufa kwao haifahamiki vema pasipo kuijua kwanza tabia ya jamaa nzima ya gesi hizi.

Jamaa hiyo ni ya ndugu sita: heli, neoni, arigoni, kriptoni, zenoni na radoni. Yuko na wa saba, oganesoni, lakini huyo hutengenezwa maabarani kwa chembe chache mno zisizodumu hata nukta moja, basi hatumhesabu. Vitabu vingine vya Kiswahili huziita gesi adimu. Jina hilo lawafaa baadhi yao tu, kwani arigoni si adimu hata kidogo. Chukua chumba cha kawaida chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu. Ndani yake mna lita 30,000 za hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa hiyo, 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na karibu sehemu moja nzima, yaani 0.93, ni arigoni. Piga hesabu utaona kwamba chumbani humo mna lita 279 za arigoni, kiasi cha kujaza madumu 14 ya lita 20 yale tutekeayo maji. Hewa ukaa, ambayo watu huitaja kila siku, haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya kiasi hicho. Sisi sote tunalala na madumu 14 ya arigoni wala hakuna aliyewahi kuamka akalalamika.

Jina la gesi za kiungwana lina maana iliyo wazi zaidi. Kale muungwana alikuwa mtu asiyejichanganya na kila ajaye, na wasomaji wetu wa Gitega, mji ulio jirani na ngome za ngoma za wafalme wa Burundi, wanajua Kirundi kina neno umupfasoni kwa mtu wa namna hiyo. Gesi hizi hazichomeki, hazishiki kutu, hazigandi na chuma, haziyeyushi wala haziozeshi kitu. Sababu yake ni hesabu ya elektroni, vile vijichembe vinavyoizunguka kila atomu kwa safu.

Askari atalielewa jambo hili upesi. Tufanye kila safu ni kikosi chenye idadi yake iliyopangwa. Sodiamu ana askari mmoja wa ziada katika kikosi chake cha nje, na klorini amepungukiwa mmoja. Wakutanapo, sodiamu humtoa yule wa ziada, klorini humpokea, nao wawili hufungamana wakawa chumvi ya mezani. Karibu mambo yote ya kikemia, tangu moto wa kuni hadi kutu ya jembe, ni biashara hiyo ya kutoa, kupokea na kushirikiana elektroni. Gesi za kiungwana vikosi vyao vimetimia. Heli ana 2 na safu yake imejaa. Wengine wana 8 katika safu ya nje. Hawana wa kutoa wala nafasi ya kupokea. Hata atomu za arigoni zenyewe kwa zenyewe hazishikani, kila moja yatembea peke yake.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba uungwana huo hauna mwisho. Mwaka 1962 mwanakemia Neil Bartlett, akiwa Kanada, aliifungamanisha zenoni na kampaundi kali ya platini na florini, akapata kitu kigumu cha rangi ya manjano. Vitabu vya shule vikapasa kuandikwa upya. Heli na neoni, hata hivyo, katika hali za kawaida hazijakubali kuoana na yeyote.

Jinsi arigoni ilivyogunduliwa ni kisa kinachostahili kusimuliwa watoto, kwa sababu kilianza kwa tofauti ndogo ambayo mtu mvivu angeipuuza. Mwingereza Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Alipoitoa katika hewa, kwa kuiondoa oksijeni na vinginevyo, lita moja ilikuwa na uzito wa gramu 1.257. Alipoitengeneza kutoka amonia, lita ile ile ikawa na gramu 1.250. Tofauti haikufika hata asilimia moja. Akapima tena na tena, nayo haikuondoka. Ndipo yeye na William Ramsay walipotambua, mwaka 1894, kwamba ndani ya naitrojeni ya hewani mlikuwa na mgeni mzito zaidi, aliyekaa mle tangu dunia iumbwe bila kujulikana. Walimpa jina la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Mwaka 1898 Ramsay na msaidizi wake Morris Travers waliigandisha hewa ikawa maji, kisha wakaichemsha polepole na kuipata neoni, kriptoni na zenoni. Heli ilikuwa imekwisha kuonekana katika mwanga wa jua tangu wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1868, ndiyo maana ikapewa jina la jua, na Ramsay akaipata hapa ardhini mwaka 1895. Mwaka 1904 yeye na Rayleigh walipewa Tuzo ya Nobeli, mmoja ya kemia na mwingine ya fizikia.

Sasa mwalimu asemapo kwamba gesi hizi hazifanyi lolote, mwana na amjibu kwa adabu kwamba kutofanya lolote ndiko kazi yao. Tazama balbu ya zamani ya uzi, ile ambayo kwetu wengi huiita ampuli. Uzi wake ni wa wolframu, madini yachimbwayo hata Burundi, nao huwaka kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000. Ukiuwasha uzi huo hewani, oksijeni huuteketeza mara moja. Ukiuweka mahali patupu pasipo hewa, hauungui, lakini chembe zake huruka mmoja mmoja kama mvuke, kioo chawa cheusi na uzi wakonda ukakatika. Mwaka 1913 Irving Langmuir, huko Marekani, alionyesha faida ya kujaza gesi tulivu ndani ya balbu: gesi huzisukuma zile chembe zirudi kwenye uzi, nao hudumu. Arigoni ndiyo iliyochaguliwa, kwa kuwa haidhuru uzi wala haipitishi joto kwa wingi. Balbu hizo zinatoweka madukani sasa, lakini gesi zimebaki. Taa ndefu za mirija zina arigoni na mvuke wa zebaki. Hata zile taa mpya zilizoigiza umbo la nyuzi za kale, nyingi hujazwa heli ili joto litoke upesi. Mwanga mwekundu wa matangazo ya madukani katika miji mikubwa ni wa neoni, aliyoionyesha Georges Claude mjini Paris mwaka 1910. Zenoni huwaka mweupe mkali katika baadhi ya taa za mbele za magari na katika mitambo ya sinema. Na mitambo ya umeme wa jua ya Mubuga, karibu na Gitega, yenye nguvu ya megawati 7.5 iliyozinduliwa mwaka 2021, yatukumbusha kazi nyingine: fuwele za silikoni zitumiwazo kutengeneza paneli kama hizo hukuzwa viwandani ndani ya arigoni, ili silikoni iliyoyeyuka isiguswe na oksijeni.

Hiyo ndiyo kazi ambayo arigoni imekwenda kuifanya Muyinga. Fundi achomeaye chuma cha kawaida hutumia fito iliyopakwa unga. Unga ukiungua hutoa moshi wa kuifukuza hewa penye kiungo. Alumini haikubali njia hiyo kwa urahisi, kwa kuwa ikiyeyuka mbele ya oksijeni hufanya ngozi ngumu papo hapo na kiungo hakishiki. Basi fundi huimwagia arigoni mahali achomeapo, lita kama 10 kila dakika, nayo huifunika alumini kama shuka. Kazi hutoka safi. Bei yake ni kubwa kwa sababu arigoni hupatikana kwa kuigandisha hewa yenyewe na kuichemsha kwa vipimo: naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, arigoni 186, oksijeni 183, na kuzitenganisha hizi mbili za mwisho kwahitaji mtambo mrefu na umeme mwingi.

Nje ya tangi, arigoni ikimaliza kazi huchukuliwa na upepo. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Arigoni ni nzito kuliko hewa, uzito wake ni kama mara 1.4, kwa hiyo hutuama chini, mahali pale pale anapochutama fundi. Tuchukue tangi la lita 3,000. Hata tukijidanganya kwamba gesi imechanganyika sawasawa na hewa, baada ya dakika 22 tu oksijeni itakuwa imeshuka kutoka sehemu 21 hadi chini ya 19.5, kiwango ambacho mabwana usalama wa kazi hawaruhusu mtu akae. Baada ya saa moja itakuwa karibu 17, baada ya saa mbili 14. Huko chini kabisa hali huwa mbaya kuliko hesabu hii. Na ikiwa fundi ameacha mpira wa gesi ndani ya tangi usiku na koki inavuja, jambo ni zito zaidi: mtungi wa lita 50 ulioshindiliwa gesi kwa mgandamizo wa kawaida wa mitungi hiyo una lita kama 10,000 za arigoni, ambazo zaweza kulijaza tangi lile mara tatu. Asubuhi fundi ataingia tangi lisilo na hewa kabisa, naye haoni kitu, hasikii harufu, hawashwi macho.

Watu hudhani kwamba mwenye kukosa hewa lazima atahangaika na kupaliwa, basi atapata nafasi ya kutoka. La hasha. Uchungu ule tuusikiao tukiziba pumzi hauletwi na upungufu wa oksijeni bali na wingi wa hewa ukaa mwilini. Avutaye arigoni huendelea kuitoa hewa ukaa yake kama kawaida, kwa hiyo mwili hautoi ilani yoyote. Pumzi moja au mbili za gesi tupu zatosha kumwangusha mtu amezirai, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache. Kisha mwenzake aliye nje humwona ameanguka, huruma humshika, aingia kumvuta, naye aanguka juu yake. Katika habari nyingi za ajali za namna hii maiti huwa mbili au zaidi. Ninyi askari na polisi ndio mwitwao kwanza mahali kama hapo, basi fahamuni: asiye na chombo cha kupumulia chenye hewa yake mwenyewe asitie kichwa ndani. Kitambaa cha maji puani hakifai kitu, wala kinyago cha kuchuja gesi, kwa sababu hakuna sumu ya kuchujwa. Kilichokosekana ni hewa.

Ndugu wa Muyinga, basi, na afanye hivi. Kwanza aulize tangi lilibeba nini. Kama lilibeba mafuta, lioshwe na kutolewa mvuke wote na mtu ajuaye kazi hiyo kabla ya cheche yoyote, maana hapo kuna hatari ya mlipuko ambayo ni habari nyingine kabisa. Penye uwezekano wa kuchomea kwa nje, achomee kwa nje. Ikiwa hapana budi kuingia, mifuniko yote iwe wazi na feni ipulize hewa safi mpaka chini kabisa ya tangi, si mdomoni tu, tena isikome muda wote wa kazi. Mtungi ubaki nje. Kila atokapo, hata kwa chai, mpira wa gesi utoke naye na koki ifungwe mtungini. Avae mkanda wenye kamba, na mwisho wa kamba ushikwe na mtu akaaye mlangoni asiye na kazi nyingine, anayeweza kumvuta bila kuingia. Kipimo cha oksijeni kikipatikana kwa kuazima au kukodi, ni bora kuliko yote. Wachimba visima wa zamani waliteremsha taa ya kandili, na ikizimika hawakushuka. Desturi hiyo iliokoa wengi, ila penye tangi la mafuta mwali wa moto ni marufuku. Mwenye kazi akisema kwamba mambo haya yanamchelewesha, amtafute fundi mwingine.

Wenzetu wa Goma wana neno mazuku kwa hewa mbaya ituamayo mabondeni na kuua mbuzi na watu. Ile ni hewa ukaa itokayo ardhini penye volkano, si gesi ya kiungwana, lakini hutuama vile vile. Na wala moshi wa jiko la makaa katika chumba kilichofungwa usichanganywe na habari hii: huo una sumu ya kweli, ishikayo damu.

Katika jamaa hii, ndugu mmoja tu ana ubaya wake mwenyewe, naye ni radoni. Radoni huzaliwa na urani iliyomo kwa kiasi kidogo katika mawe na udongo, na baada ya siku 3.8 nusu yake huwa imekwisha kuvunjika ikatoa mnururisho na vumbi lishikalo mapafuni. Shirika la Afya Duniani laihesabu kuwa miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya mapafu baada ya tumbaku, na kwa mvutaji wa sigara hatari huzidi sana. Nyumba zetu zenye madirisha wazi huitoa upesi. Wa kujihadhari ni wale washindao ndani ya mashimo, wakiwamo vijana wachimbao dhahabu upande wa Butihinda: shimo refu lisilo na tundu la pili la kupitisha hewa hukusanya radoni pamoja na mabaya mengine, na dawa yake ni ile ile, hewa ipite.

Tumebakiwa na arusi. Mama asema jirani yake ataka kupamba ukumbi kwa mapulizo yanayopaa, na watoto wamejifunza kuvuta gesi yake ili waseme kwa sauti ya bata. Gesi hiyo yapasa kuwa heli. Ni nyepesi mno, kila lita yaweza kunyanyua karibu gramu moja, wala haiungui. Kabla haijapatikana kwa wingi vyombo vya angani vilijazwa haidrojeni, nyepesi zaidi lakini iwakayo kwa cheche. Afrika Mashariki ilikaribia kukiona chombo kimoja cha namna hiyo: Novemba 1917, mwaka mmoja na zaidi baada ya Wabelgiji kuitwaa Gitega mikononi mwa Wajerumani, meli ya angani L 59 iliondoka Bulgaria na tani kadhaa za risasi na dawa kwa jeshi la Lettow-Vorbeck. Ilifika juu ya Sudani, ikaamriwa kwa redio irudi, nayo ikarudi baada ya saa 95 angani. Aprili 1918 ilishika moto juu ya bahari karibu na Italia, wasipone hata mmoja.

Heli huzaliwa ardhini pale urani na thori zivunjikapo polepole ndani ya miamba mikongwe. Ndiyo maana mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza habari ya heli nyingi katika Bonde la Rukwa, Tanzania, ambako joto la volkano limeifungua kutoka miamba hiyo, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula Magharibi kikaitoa hadi juu. Haina budi kutunzwa, kwa kuwa ikishatoka hewani hupanda na kuihama dunia kabisa, ilhali hospitali zaihitaji kupooza sumaku za mashine za kupiga picha za mwili kwa nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa maoni yetu kuijaza katika mapulizo ni anasa, lakini arusi ni arusi.

Sauti ya bata hutokea kwa kuwa mlio husafiri ndani ya heli mara tatu ya upesi wake hewani. Mtoto avutaye heli yuko katika hali ile ile ya fundi wa tangini, anavuta pumzi isiyo na oksijeni, naye akivuta mara kwa mara aweza kuzirai akaanguka vibaya. Kuvuta moja kwa moja kutoka mtungini ni kifo, maana nguvu ya gesi hupasua mapafu. Mtungi na ukae mbali na watoto, umefungwa kwa mnyororo ukutani. Kisha jirani amwendee muuzaji kabla ya siku ya arusi na kuusoma mtungi wenyewe: wauzaji wengine hujaza haidrojeni kwa sababu ni rahisi, na pulizo la haidrojeni likikutana na mshumaa au sigara huwaka usoni mwa watu. Mtungi wa heli huandikwa He. Ukiwa umeandikwa H na tarakimu 2, au haukuandikwa kitu, aurudishe.